Misumari Kinywani

"Mbona mtoto wako hajibu mpaka akutazame wewe kwanza?"

Jirani aliuliza swali hilo zamani, ameegemea ukuta wa uani, ndoo ya nguo mkononi. Alikuwa amemuuliza mtoto jambo dogo tu, kama angependa kipande cha keki. Mtoto akamgeukia mama yake, akamsoma uso, ndipo akasema, "Hapana, asante." Macho yalikuwa yamerudi kwenye sahani ya keki.

Mama alilipokea swali lile kama sifa.

"Ndiyo malezi hayo," alijibu. "Wa kwako wanajibu kabla hawajaulizwa."

Jirani akacheka, akabeba ndoo yake, akaenda zake. Yakaishia hapo.

Mtoto mwenyewe walimwita Pamba, kwa jinsi alivyokuwa laini na asiye na kelele, na jina likamganda hadi ukubwani. Sasa alikuwa mwanamke mzima, anavaa koti jeupe, anauza dawa katika duka linalotazamana na safu ya karakana. Wateja walimpenda. Akikwambia dawa hii usinywe na tumbo tupu, amekwambia kweli, na mtu akija kutaka dozi kupita kiasi alimkatalia bila kupepesa macho. Kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Akivuka tu kizingiti cha nyumbani, ulimi unageuka.

Mama yake hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe mapema. Alikuwa mjane aliyemlea mtoto mmoja kwa maombi na kwa jasho, na hakuna siku Pamba alilala njaa. Lakini mtaani walimwita Mkaguzi, na hawakumsingizia. Jioni Pamba akivua viatu tu, maswali yameshaanza. Umepitia wapi? Nani amekusalimia? Mbona umechelewa? Siku akiwahi, mbona umewahi? Mlango wa chumba cha Pamba aliung'oa mwenyewe bawaba kwa bawaba, binti alipovunja ungo, akatundika pazia.

"Mlango wa nini?" alisema. "Unamficha nani?"

Sasa mtoto akilelewa hivyo atafanya nini? Atajifunza. Pamba alijifunza kwamba ukweli una maswali mengine nyuma yake, na uongo uliopikwa vizuri hauna. Ukisema umepita kwa rafiki, utaulizwa rafiki gani, mtoto wa nani, mlizungumza nini, na kwa nini unatazama chini. Ukisema umetoka kazini moja kwa moja, unaambiwa nawa mikono ule. Basi akawa anatoka kazini na majibu yake yamepangwa, anayarudia njiani midomo ikitikisika. Mwishowe uongo ukamfuata hata pale ambapo hakuna aliyemtisha. Alisema amekula wakati hajala. Alisema filamu aliiona wakati hajaiona. Hakupata chochote kwa uongo huo. Ulimtoka tu.

Ndivyo alivyokuwa siku Fundi alipoingia dukani kutafuta plasta.

Huyu alikuwa fundi makochi wa karakana ya ng'ambo, kijana mrefu mwenye nyuzi za kitambaa kwenye nywele. Alikuwa amejigonga kidole kwa nyundo.

"Pole," Pamba alimwambia, akimfunga. "Ulikuwa unatazama wapi?"

"Nikisema ukweli hutanifunga vizuri."

"Sema tu."

"Nilikuwa natazama huku."

Pamba aliinamisha uso, akafunga plasta mara mbili mahali pa mara moja. Fundi akatoka hana hata kumbukumbu ya kidole. Wiki hiyo alijikata, akajichoma na sindano, akapata kikohozi ambacho hakikusikika ila mbele ya kaunta. Mwenye duka akamwambia Pamba, "Huyu mwanaume, ama atapona ama atakuoa. Dawa nyingine mimi sina."

Wakapendana. Saa ya mapumziko Pamba alivuka barabara, akakaa juu ya marobota ya sponji, akamtazama Fundi akivika makochi ngozi mpya. Baadaye akaanza kumsaidia. Fundi alimfundisha kupigilia kama mafundi wanavyofanya: misumari midogo unaitia kinywani, ulimi unausukuma mmoja mmoja hadi kwenye midomo, mkono mmoja unaupokea na kuupiga, na mkono wa pili umevuta kitambaa. Ukikiachia kinakunjamana, unaanza upya.

"Wewe unayewaambia watu wachemshe maji," Fundi alimtania, "ndiye unayekula misumari?"

"Mm-hm," Pamba alijibu. Ukiwa na misumari kinywani huna jibu lingine.

Fundi alianza kushtuka siku ya mvua. Maji yalikuwa yanapiga bati hadi wakawa wanazungumza kwa kupaza sauti. Fundi akatazama mlangoni, akasema kwa mzaha, "Jua la leo kali kweli!"

"Eeh, kali sana," Pamba akaitikia.

Fundi akaangua kicheko. Kisha akamtazama vizuri, akaona hakuwa anatania. Alikuwa amekubali tu, kama mtu anavyopokea kitu mkononi bila kukitazama. Kicheko kikamkatika.

"Pamba. Nje kuna mvua."

"Naiona."

"Sasa mbona umekubali?"

Pamba alifikiri kwa bidii, kama mtu aliyeulizwa jambo gumu. "Nilidhani unataka nikubali."

Siku nyingine simu ya Pamba iliita, nyundo ikiwa mkononi mwake. "Niko stoo, mama," alisema, sauti imetulia kama maji ya mtungi. "Napanga dawa." Akakata simu, akaendelea kupigilia. Fundi alikuwa amesimama na mkasi hewani.

"Haya ni mapumziko yako," alisema. "Ungemwambia tu umetoka kupunga upepo. Mbona umedanganya?"

"Si uongo mkubwa."

"Ndiyo maana umeniogopesha."

Siku hiyo aliweka mkasi chini, akamshika mikono yote miwili. "Nakupenda, hilo sifichi, hata mteja wa makochi anajua. Lakini siwezi kuishi najiuliza neno lipi ni lako na lipi la kuniridhisha. Jumamosi nataka kuja kwenu na mjomba, nijitambulishe. Mwambie mama yako, kwa kinywa chako. Ukishindwa, niambie umeshindwa, nitasubiri hata mwaka. Ila hilo usinidanganye. Ukinidanganya na hilo, Pamba, mimi nitajua hatuna nyumba ya kujenga."

"Nitamwambia," akasema Pamba, na alikuwa anamaanisha.

Jumapili akapiga moyo konde, akaingia sebuleni. Mama yake akainua uso. "Una nini? Mbona umesimama hivyo? Nani amekupigia simu mchana?" Pamba akasema amekuja kuchukua mkasi. Jumatatu akasema amekuja kuchukua uzi.

Jumanne Fundi akamuuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amefurahi. Anawasubiri."

Uongo ulimtoka kama pumzi. Fundi akamwinua juujuu, akamzungusha katikati ya makochi, akaimba wimbo usio na mbele wala nyuma. Pamba aliona dari inazunguka, na moyo umemdondoka mahali asipoweza kuuokota. Jioni alipopiga magoti kuomba, alijikuta anachagua maneno hata mbele za Mungu, anatafuta yatakayompendeza. Akanyamaza katikati. Akabaki amepiga magoti hivyo hivyo.

Alhamisi, saa ya mapumziko, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kochi kubwa, kinywa kimejaa misumari, mkono wa kushoto umevuta kitambaa. Alikuwa ameamua. Leo atamwambia Fundi ukweli, hata wakiachana. Amalizie upande huu mmoja tu, kisha aseme. Akasikia mkokoteni unasimama nje.

"Shusha taratibu, hicho si gunia!" ilisema sauti anayoifahamu kuliko yake mwenyewe. "Hodi humu! Fundi yupo?"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kiti changu hiki springi zimekufa, kinanichoma. Nimeambiwa wewe ndiye fundi. Na usinipandishie bei kwa kudhani mimi mgeni. Binti yangu anauza dawa hapo ng'ambo."

Pamba akafumba macho.

"Mama!" Fundi alipiga makofi kwa furaha. "Kumbe ndiye wewe! Karibu, karibu sana, keti. Na nikushukuru kabisa kwa kukubali tuje Jumamosi. Mjomba ameshapiga pasi suruali yake, na leo ni Alhamisi!"

"Nimekubali nini?" aliuliza Mama.

"Tuje. Mimi na mjomba. Kujitambulisha." Sauti ya Fundi ilianza kupungua, kama redio inayoishiwa betri. "Pamba alisema... Pamba, mama huyu hapa."

Pamba akasimama. Hakuachia kitambaa, mkono ulikuwa umekufa ganzi pale pale. Mama yake alikuwa mlangoni, mkoba kifuani. Fundi alikuwa katikati. Wote wawili walimkodolea macho, na vichwa vya misumari vilikuwa vimechomoza midomoni mwake kama meno ya samaki.

"Wewe!" akasema Mama. "Unafanya nini humu? Hii ndiyo stoo?"

Jibu lilikuja mara moja. Yalikuja majibu mengi, kama kuku walioitwa. Mwenye duka kanituma nitazame bei ya kiti. Huyu mtu simjui, kachanganyikiwa, kanidhania mwingine. Alikuwa tayari nayo yote. Lakini hakuweza kufungua kinywa. Angefungua ghafla angemeza misumari.

Akainamisha kichwa, akaanza kuitoa. Mmoja akauweka kiganjani. Mwingine. Ilikuwa kazi ya polepole na isiyo na heshima, mate yakimwagika kwenye koti jeupe, na hakuna aliyemsaidia. Na kila msumari ulipotoka, aliona jibu moja linapoteza nguvu. Lile la bei ya kiti likapita. Lile la kumkana Fundi likafika kwenye ulimi, akainua macho, akamwona.

Fundi hakuwa amekasirika. Alikuwa amesimama kama mtu anayesikiliza kama mlango utafunguliwa au la. Macho yake hayakumwambia sema hivi wala sema vile. Pamba aliutafuta uso ule kama alivyozoea kuzitafuta nyuso za watu, ajue jibu gani linatakiwa. Hakuliona. Hakuwa na mahali pa kulisoma ila ndani yake mwenyewe.

Msumari wa mwisho ukatoka.

"Sikukwambia, mama," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Nilimwambia yeye kwamba nimekwambia. Nimewadanganya wote wawili."

"Mungu wangu," akasema Mama, akakaa kwenye kiti chake kibovu. Springi zikalia.

"Nakuja hapa kila siku saa ya mapumziko. Nilikwambia niko stoo, sikuwa stoo. Huyu ndiye ninayempenda." Alishangaa kwamba bado amesimama. "Na Jumatatu sikuja kuchukua uzi sebuleni. Wala mkasi."

"Mimi nilikulea useme uongo?" Mama alipaza sauti. "Mimi? Magoti yangu haya yameota sugu kwa ajili yako!"

"Ulinilea niseme jibu unalolitaka, mama. Nikajua kulitafuta. Nimelitafuta hadi sijui langu ni lipi."

"Usinijibu hivyo."

"Sawa, mama. Lakini ndiyo jibu lenyewe."

Aligeuka kwa Fundi kabla ujasiri haujamwisha. "Na wewe uliniomba jambo moja tu. Sikuliweza. Leo nilitaka kukwambia nikimaliza upande huu. Hata hilo huna sababu ya kuniamini, najua."

Fundi alipangusa mikono kwenye suruali, akaipangusa tena.

"Imeniuma," akasema. "Sitakuficha. Nimemtangazia mjomba, nimemtangazia muuza maji, nimemtangazia hata mtu aliyekuja kuuliza njia." Akavuta pumzi. "Kuna kingine?"

"Kipo."

"Sema chote."

"Chai yako isiyo na sukari. Siipendi. Inanikata maini."

Fundi akamtazama. "Miezi yote hii?"

"Miezi yote. Na ule wimbo wako, unaimba vibaya."

Mdomo wa Fundi ukaanza kucheza upande mmoja. Alijitahidi kuuzuia, maana mama wa watu alikuwa pale na mambo yalikuwa mazito, lakini haukuzuilika. "Hii ndiyo mara ya kwanza umenikatalia kitu," alisema. "Pamba, hebu nikatalie kingine."

"Sitaki."

Akacheka. Alicheka huku macho yanametameta, na Pamba akasikia kifua chake kinafunguka taratibu, kama mtu aliyevua nguo ya kubana aliyoivaa tangu utotoni. Alimtazama, naye akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakupima kitu chochote katika uso ule.

Mama aliwaona. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema. "Hujawahi kunisikia nikimtaja. Alitoka asubuhi, amevaa vizuri, akapita mbele yetu sote. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Hakuna aliyemuuliza unakwenda wapi. Hata mimi. Nilikuwa nasuka nywele." Alikunja mkono wa mkoba, akaukunjua. "Hatukumwona tena. Basi nikasema, wangu mimi nitamuuliza. Kila siku nitamuuliza."

Pamba akaachia kitambaa. Kikakunjamana chote, kazi ya mchana mzima, na hakuna aliyekitazama. Akaja akachuchumaa mbele ya kile kiti.

"Pole, mama. Hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Ungeogopa."

"Niliogopa hata hivyo."

Mama akamwinamia. "Ulikuwa unaniogopa mimi?"

Pamba alijua jibu linalotakiwa. Lilikuwa pale pale, laini, tayari kabisa, nalo lingemfuta mama yake machozi.

"Ndiyo, mama," akasema. "Lakini sikimbii. Ukiniuliza ninakwenda wapi nitakwambia. Ila nikikwambia, uniamini."

Mama alimtazama muda mrefu, kama mtu aliyekabidhiwa mgeni akaambiwa ni wa kwake. Kisha akamgeukia Fundi, na ukali ukamrudia kidogo, maana hata yeye alihitaji mahali pa kushika.

"Wewe kijana. Mjomba wako anazungumza sana?"

"Sana, mama," akajibu Fundi. "Anachosha."

"Angalau husemi uongo." Akasimama, akajipangusa sketi. "Waje hiyo Jumamosi. Sijasema ndiyo. Nimesema waje. Tusikilizane vizuri."

"Tumesikilizana, mama. Ahsante, mama."

"Na kiti changu usikivike kitambaa cha maua."

"Cha maua hapana."

Pamba alikuwa amesimama pamoja na mama yake. Walikuwa uso kwa uso, karibu sana, na kola ya koti jeupe la Pamba ilikuwa imekunjika upande mmoja, yenye mate na vumbi la karakana. Mkono wa Mama ukainuka kwenda kuinyoosha. Ukafika nusu ya njia. Pamba hakurudi nyuma wala hakuinamisha kichwa kumrahisishia. Alisubiri tu, na machoni mwake hapakuwa na jibu lililopangwa.

Mama akautazama mkono wake mwenyewe ulivyoning'inia hewani. Akaurudisha taratibu, akashika nao mkoba, akageuka, akapita katikati ya makochi yaliyovuliwa ngozi, akatoka, kola ikabaki ilivyo.